Kigingi cha Mwisho

Katika mtaa ule kitu kinachodumu hakiitwi imara wala madhubuti. Huitwa cha kigingi. Viatu vilivyopita masika yote bila kufumuka ni viatu vya kigingi. Ndoa iliyovuka mawifi, wakwe na maneno ya majirani ni ndoa ya kigingi. Mgonjwa aliyekwisha kuagwa na ndugu zake, kisha akafumbua macho na kudai uji, watu hucheka na kusema huyo roho yake ni ya kigingi. Hata mafua yakigoma kuondoka, utamsikia mtu akipenga kamasi na kulalamika kwamba safari hii kapata ya kigingi.

Neno limetoka wapi? Hapo kila mtu ni mtaalamu. Kinyozi wa kona aliapa kwamba lilianza kwa wafugaji waliofunga mbuzi kwenye vigingi. Mwalimu mstaafu akambishia kwamba ni mahema, si mbuzi, na siku moja walibishana mpaka mteja akarudi nyumbani amenyolewa upande mmoja. Waliokaa karibu na karakana ya seremala walicheka tu. Wao walijua neno lilizaliwa pale, kwa fundi ambaye alikuwa hapigi msumari hata kwa dawa, ila kila kiungo alikitoboa na kukikaza kwa kigingi cha mti. Meza yake hailegei, kabati lake halipindi. Basi kwao maana ilikuwa wazi kabisa: cha kigingi ni kitu kilichofungwa kisifunguke tena. Fundi mwenyewe akiulizwa alipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema, "Kigingi ni kigingi," akaendelea na kazi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, hakuupenda mjadala huo. Mtaa ulimwita Randa, kwa sababu alianza kusukuma randa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa alikuwa mtu mzima, viganja vigumu, jicho linaloona mbao iliyopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Na watu walipomsifu walitumia neno lilelile. "Yule binti wa fundi? Yule ni wa kigingi. Wenzake wote wameondoka, yeye yupo." Walikuwa wanamsifu, maskini, hawakujua kwamba wanamsomea hukumu.

Kwa maana kuondoka alikuwa ametaka tangu zamani. Mara ya kwanza mama yake aliugua, na huwezi kumwacha mama kitandani ukafuata mambo yako. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba yenye viti vingi kuliko watu, na huwezi kumwacha baba msiba haujapoa. Kisha baba akateguka goti. Kisha ikaja kazi ya madawati ya shule. Kila mara mzee alisema kwa upole, "Mwanangu, tumalize hii kwanza," na hii ikiisha ilikuwapo hii nyingine. Hakuwahi kumkataza. Angemkataza, pengine wangegombana, na pengine angekwisha kwenda.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkaa kooni ni kigingi cha mwisho.

Katika karakana ile, kazi yoyote ilipofika ukingoni, likabaki tundu moja tu la kuzibwa, fundi aliweka nyundo chini akasema, "Haya, nendeni mkanywe chai." Mafundi wote walitoka, wakavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha mama chai, wakakaa kuipa karakana mgongo. Kuchungulia ni mwiko. Mzee alibaki peke yake na kukifunga kigingi cha mwisho kwa mkono wake, kisha akasimama mlangoni na kuita, "Tayari!" Hapo ndipo wanapogeuka. Wengine walidhani anaomba dua. Wengine walisema ni maringo tu ya uzee. Randa alikuwa akiinywa chai hiyo tangu utotoni. Mwaka jana alitengeneza kabati zima bila kuguswa na mtu, kuanzia mbao mbichi mpaka msasa, na lilipobaki tundu moja baba yake alikuja akasimama nyuma yake. "Haya, mama," alisema, "kanywe chai." Siku ile chai haikushuka.

Kwa hiyo mwanamke mmoja mwenye karakana kubwa katika mji mwingine alipoliona kabati lile kwa mteja, akampigia simu na kumwambia, "Njoo uwe msimamizi wangu, mafundi wote chini yako," Randa hakuomba muda wa kufikiri. Masharti yalikuwa mafupi. Lori la mbao lingepita adhuhuri, siku ya mapumziko, limchukue yeye na sanduku lake la vifaa. Kesho yake kazi ianze. Asipotokea, nafasi hiyo wengi wanaimezea mate. "Mimi sitafuti mtu wa keshokutwa," mwanamke yule alisema, na sauti yake haikuwa na utani.

Alimwambia baba yake jioni ya kuamkia safari, mezani. Mzee alisikiliza, akachovya mkate kwenye chai, akasema, "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

Mkate ulikatika ukazama kikombeni, wala mzee hakuufuata.

Siku yenyewe ilikucha na mvua. Randa alifika karakana mapema kufungasha. Mafundi wengine walikuwa makwao. Maji yalikuwa yamepenya mlango wa mbele na sakafu yote imelowa, hivyo akatafuta mahali pakavu pa kuwekea sanduku. Akaliona lile gogo la kuzuilia mlango wa stoo ya mbao usijifunge. Akalivuta, akalitweka sanduku juu yake, akaanza kupanga humo patasi zake, randa mbili, nyundo ya mti na msumeno mdogo. Simu nayo akaitia humohumo isije ikalowa.

Gogo lile sasa lilikuwa na kazi yake. Mlango wa stoo ulifungukia karakanani, na kwa nje ulikuwa na komeo la mti lililokuwa likianguka lenyewe mlango ukijibamiza. Kila aliyewahi kushika msumeno mle ndani aliijua sheria: gogo halitoki mlangoni. Randa mwenyewe aliwahi kumkaripia fundi mwenzake mbele za watu kwa kosa hilohilo. Lakini asubuhi ile mwili wake ulikuwa karakanani na akili imekwisha panda lori.

Baba yake alikuja jua likiwa limeshapanda nyuma ya mawingu, kofia imelowa. Alilitazama sanduku, akatazama pembeni.

"Nisaidie jambo moja tu kabla hujaenda," alisema. "Nichagulie mbao mbili za mvule. Macho yangu siku hizi yananidanganya."

Hilo nalo jipya, aliwaza Randa. Tangu lini macho yale yakadanganya? Lakini utamnyima mzazi mbao mbili? Waliingia stooni wakaenda mpaka nyuma kabisa, wakainamia rundo, mzee akiigonga kila mbao kwa kidole na kusikiliza. Hapo ndipo upepo ulipoingia kwa mlango wa mbele, ukapita karakana nzima bila kuaga, ukaubamiza mlango wa stoo. Walisikia komeo likishuka mahali pake.

Stoo haikuwa na dirisha, maana jua hupasua mbao. Juu kabisa, chini ya paa, palikuwa na upenyo wa kupitisha hewa ambao hata paka angefikiri mara mbili. Mwanga ulioingia ulitosha kumwonyesha mtu uso wa mwenzake, basi.

Randa aliusukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Angeshangaa kama ungetikisika, kwani aliyeutengeneza ni baba yake.

"Simu yako iko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, kwenye chaji. Yako?"

"Sandukuni."

"Na sanduku?"

Randa alifumba macho. "Juu ya gogo."

Mzee alikohoa kikohozi ambacho, siku nyingine, kingekuwa kicheko. Kisha akakaa juu ya rundo la mbao, akavua kofia, akaikamua maji. Randa alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Mvua juu ya bati ilizimeza kelele zote na kuomba nyingine. Akachukua ubao mrefu, akarudi nyuma, akaukimbilia mlango nao. Ubao ulimrukia mikononi na kumwacha na maumivu mpaka mabegani.

"Utaumia bure," baba yake alisema. "Mlango huo ni wa kigingi."

"Nitauvunja."

"Hauvunjiki, mwanangu. Kaa. Mvua ikikatika kuna mtu atapita."

"Mvua ikikatika lori litakuwa limeshapita!"

"Basi kaa," mzee alisema tena, taratibu, kana kwamba hakusikia neno lori.

Hakukaa. Alizunguka stoo, akapapasa kuta, akapanda marundo, akautazama ule upenyo na kushuka. Harufu ya mbao aliyoipenda maisha yake yote sasa ilimbana pua. Kila alikogeuka kulikuwa na kazi ambayo haijafanywa: ubao wa meza, ubao wa kabati, ubao wa vitanda vya watu ambao hawajaoana bado. Aliona miaka yake imepangwa pale kwa marundo, mikavu, imetenganishwa vizuri kwa vijiti isipinde, inasubiri zamu yake.

Honi ililia.

Randa aliruka mpaka mlangoni akaupiga kwa ngumi, kwa teke, kwa kipande cha mbao. Aliita, "Niko huku! Niko stoo!" Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu asiye na subira. Baba yake alikuwa amekaa palepale, kofia magotini, anaiangalia sakafu. Honi ikalia mara nyingine, fupi. Baada ya hapo ikabaki mvua peke yake.

Alisubiri isikike tena, haikusikika. Ndipo akakaa chini mgongo wake ukiegemea mlango, akalia. Alilia kwa hasira, kilio kibaya cha mtu mzima kinachotoka puani, na hakujali kwamba mzazi wake anamtazama.

"Malori ni mengi," mzee alisema.

"Nafasi ndiyo si nyingi, baba."

"Tutaongea na huyo mama. Tutamweleza."

"Tutamweleza nini? Kwamba nilijifungia stoo?" Alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi. "Unajua watu wananiitaje? Wananiita wa kigingi. Nikipita kwa kinyozi, wa kigingi huyo. Nikienda sokoni, wa kigingi huyo, haendi popote. Nitakufa humuhumu, watakuja kunizika, na mtu atasimama aseme marehemu alidumu. Kwani hilo neno nani alilileta? Wewe umeliacha tu lizunguke na kuninyonga. Lilitoka kwa mbuzi, au kwa mahema, au wapi?"

Aliuliza kwa kukomoa tu, hakutaka jibu. Lakini mzee aliinua uso.

"Lilitoka kwa mama yako," alisema.

Randa aliacha kulia.

"Nilikuwa kijana," mzee alianza, "na kichwa kimevimba. Gundi yangu ilikuwa haina mzaha. Kila kigingi nilikichovya, nikakigonga, na kikikauka ndio basi, hata mimi mwenyewe sikitoi. Nilijisifu mtaa mzima. Siku moja akaja msichana ananiagiza kitanda cha mama yake. Kikubwa. Mlango wao mdogo, kwa hiyo nikakiunganisha mlemle chumbani. Kazi safi. Mwaka haukuisha, wakatakiwa kuhama. Vitu vyote vikatoka, kitanda hakitoki. Hakipiti mlangoni, hakifunguki. Mwenye nyumba amesimama nje anahesabu pumzi. Wakakikata kwa msumeno."

"Kitanda chako?"

"Changu. Katikati. Yule msichana akavipakia vipande vyote viwili kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka hapa, akavimwaga mlangoni pangu watu wakiangalia. Akaniuliza, 'Fundi, nilikuagiza kitanda au gereza?'"

Randa aliisikia sauti ya mama yake ndani ya maneno yale, sawasawa.

"Nikamjibu kwa maringo," mzee aliendelea. "Nikamwambia, dada, hicho ni kitanda cha kudumu. Akavitazama vile vipande, akaniambia, 'Nionyeshe hapa kilichodumu ni kipi. Watu wanahama. Watu wanazaa, watu wanazikana. Kitu kisichofunguka hakidumu, fundi, kinasubiri msumeno tu.' Akaondoka na mkokoteni wake. Mimi usingizi nikauona kwa wenzangu. Halafu nikakitengeneza upya, bure, na safari hii nikaacha kigingi kimoja bila gundi. Kikavu. Vingine vyote vimekazwa, lakini ukikigonga hicho kimoja kinatoka, na kikitoka kitanda kizima kinalegea, unakibeba vipande vipande. Ukifika unakokwenda unakirudisha. Nikampelekea. Akakifungua, akakifunga, akakifungua tena, anacheka. Akawa anawaambia majirani, mkienda kwa yule fundi ulizieni cha kigingi, vingine vyake ni vya msumeno. Watu wakaja kuulizia. Baadaye wakasahau walikuwa wanaulizia nini, wakabaki na jina."

"Kwa hiyo cha kigingi ni kile kinachofunguka."

"Ndicho hicho. Kitanda kile kimehama nyumba ngapi? Umezaliwa juu yake. Mama yako amefia juu yake."

Mvua ilipungua kidogo juu ya bati, kisha ikarudi. Randa alikuwa akitazama viganja vyake.

"Chai," alisema. "Ndiyo maana unatutoa tukanywe chai. Kigingi cha mwisho ni kikavu."

"Ndiyo."

"Na mimi pia ukanificha. Mimi, baba."

Mzee aliizungusha kofia. "Mwanzo ilikuwa biashara. Mtu akitaka kuhama aniite mimi, sio fundi wa jirani. Nikienda, nawatoa wote nje, nagonga, natoka kama mganga. Baadaye ikawa mazoea. Mtu ukishazoea kuitwa, ni kazi kukubali kwamba hata bila wewe mambo yanakwenda. Mama yako alinisuta sana. Kila siku ananiambia, mwonyeshe mtoto. Namwambia, tumalize hii kwanza."

Wote wawili waliyasikia maneno yale yalivyotoka. Randa alikaribia kumwonea huruma. Angekwisha kumwonea, lakini yeye ni fundi, na akili ya fundi haiachi kitu kikining'inia.

"Kila kazi iliyotoka mkononi mwako ina kigingi kikavu?"

"Kila moja," mzee alijibu haraka, kwa fahari, kabla hajakisikia anachokisema.

Randa aliinuka. Alijigeuza, akauweka mkono juu ya mlango aliokuwa ameegemea muda wote ule.

"Na huu?"

Baba yake aliikamua tena kofia.

"Baba. Na huu mlango?"

"Sikuufunga mimi," mzee alisema. "Ni upepo."

"Hukuufunga. Ulijua kuufungua." Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti tangu azaliwe, na sasa ilimpanda yenyewe. "Honi inalia, umekaa hapo. Nimepiga mlango mpaka ngumi zimechubuka, umekaa hapo! Nimelia mbele yako!"

"Nilijisemea labda ni Mungu amepanga..."

"Usimsingizie Mungu."

Mzee aliinamisha kichwa. Katika mwanga ule hafifu alionekana mdogo, mabega yameingia ndani. "Niliogopa," alisema. "Ile nyumba jioni ina viti tu, mwanangu. Nakaa kwenye kimoja, navitazama vingine. Niliposikia honi nilisema, ikilia tena nitainuka. Ikalia tena. Nikasema, basi ikilia tena."

Randa alitamani kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hayo hayafanyiki pamoja, hakufanya lolote.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Pale chini, kwenye ile papi, kile kipande chembamba kinachoshika ubao wa chini. Cha tatu kutoka kulia. Vingine ni pambo."

Alipiga magoti. Alipitisha kidole gumba juu ya vichwa vya vigingi, vyote laini, vyote sawa, na cha tatu nacho kilikuwa laini na sawa, ila pembeni mwake hapakuwa na ule utando mgumu wa gundi. Amepita mbele ya mlango huu maisha yake yote. Aliokota kijiti chembamba cha mvule na kipande kizito cha mbao, akakiweka kijiti juu ya kigingi, akagonga. Akagonga tena. Kigingi kikateleza kwa nje bila ubishi, na wakakisikia kikidunda kwenye sakafu ya karakana. Papi ikasogea pembeni. Ubao wa chini ukashuka mikononi mwake. Akaupenyeza mkono mpaka begani, akapapasa, akaliinua komeo.

Kazi yote haikuchukua hata muda wa kuchemsha birika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alipita mbio mpaka mlango wa mbele. Mvua ilikuwa inateremka kwa nguvu, na kibanda cha mama chai ng'ambo kilionekana turubai tu, waliomo ndani hawaonekani kwa mvua. Mahali lori lilipopaswa kusimama palikuwa na dimbwi. Alitazama juu ya barabara, akatazama chini. Akarudi ndani polepole.

Baba yake alikuwa amekiokota kigingi. Alikipangusa kwenye shati, akakitazama, kisha akanyoosha mkono na kumpa.

"Malizia wewe," alisema.

Hiki ndicho alichokililia toka utotoni. Randa alikitazama kikiwa katika kiganja cha mzee, kijiti kifupi kisichozidi kidole, na akajua kwamba zawadi nayo inaweza kuwa komeo. Akikipokea, atakuwa fundi wa karakana hii, mrithi, wa kigingi kweli kweli. Akikikataa, ataondoka bila kitu alichokifanyia kazi kwa jasho lake mwenyewe. Akakichukua.

"Haya, baba," alisema. "Nenda ukanywe chai."

Mzee alivaa kofia yake iliyolowa, akatoka. Randa alimwona akivuka barabara akikwepa madimbwi, anachechemea kwa lile goti, mpaka turubai likamficha.

Alirudi mlangoni peke yake. Aliurudisha ubao mahali pake, akaisogeza papi, matundu yakaonana. Kwenye meza, karibu na mkono wake, kulikuwa na kopo la gundi lililoachwa wazi. Alilitazama. Tone moja tu, na mlango ule usingefunguka tena kwa ndani mpaka mwisho wa dunia. Siku upepo ukirudi, mzee angejua maana ya kukaa humo. Aliishika brashi. Aliiinua, na gundi ikaanza kuvutika kuelekea chini.

Akairudisha koponi na kulifunika kopo. Kigingi akakiingiza kikavu, akakigonga mara mbili kwa nyundo yake ya mti, akapitisha kidole gumba juu yake. Kilikuwa sawa na vingine. Ndipo akalishusha sanduku na kulirudisha gogo mlangoni, mahali ambapo sheria inasema liwe.

Honi ililia.

Alidhani ni masikio yake. Ikalia tena, na kutoka nyuma ya kibanda cha mama chai kikatokeza kichwa cha lori, kikizunguka taratibu kwenye matope. Dereva alitoa uso dirishani.

"Dada, mwenye sanduku ndiyo wewe?" alipaza sauti. "Nimepiga honi mpaka betri inanililia! Nikachungulia, naona sanduku, mtu hamna. Nikasema mwenye sanduku hayuko mbali, acha nikanywe chai mvua ipungue. Nilikuwa nshawasha gari niende zangu, huyu mzee kaja kanisimamia mbele. Kasema nisithubutu kuondoka bila wewe. Mzee mkali huyo!"

Randa alilibeba sanduku lake mwenyewe, akalipandisha nyuma kati ya mbao, akapanda mbele. Kutoka juu pale aliweza kuona chini ya turubai. Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi, kikombe mikononi, mgongo ameupa karakana, kama watu wote waliowahi kutolewa mle ndani kupisha kigingi cha mwisho.

Alishusha kioo. "Tayari, baba!" aliita. Sauti yake ilikwaruza, lakini ilifika. Mama chai aligeuka, na wanywaji wote wa chai wakageuka.

Mzee alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Ruhusa ya kugeuka alikuwa nayo, ila hakugeuka, na mpaka lori linapinda kona Randa alikuwa bado anauona mgongo ule kwenye kioo cha pembeni.